Baiskeli Iliyonenepa

Wazazi, majirani, na ninyi nyote mnaokwenda kazini kwa nguvu za magoti yenu, naomba utulivu. Nina jambo la kuwasimulia kuhusu nyumba moja iliyokuwa na amani hadi siku mizani ilipoingia mlangoni. Nyumba hiyo naijua vizuri kwa kuwa ni yetu. Kosa lililotendeka humo nalijua vizuri zaidi, kwa kuwa nusu yake ni yangu.

Asubuhi za nyumbani kwetu zilikuwa hivi. Mama, msimamizi wa tanuri katika kiwanda cha mikate, aliondoka kukiwa bado giza. Baba alibaki kumvisha mdogo wangu sare, kumfunga kamba za viatu na kumpandisha kwenye baiskeli. Mdogo wangu alizaliwa kabla ya siku zake, mdogo kiasi kwamba mkunga alimwita Punje, na jina likamganda. Sasa ana miaka sita na nusu na yuko darasa la kwanza. Mimi ndiye kifungua mimba, lakini wazazi wangu huitana Baba Punje na Mama Punje. Ukikaa shule ya bweni miezi tisa kwa mwaka, jina lako halina wa kulitetea.

Baiskeli nayo ilikuwa na jina. Iliitwa Ngamia. Ilikuwa nyeusi, ya chuma kitupu, yenye madigadi mapana, stendi ya miguu miwili, na kengele iliyosikika mtaa wa pili. Nyuma ilikuwa na keria ambayo mama aliifungia mto alioushona kwa pazia kuukuu. Punje alikaa juu ya mto huo kama waziri anayekagua barabara. Yeye na baba walikuwa na lugha yao ya njiani: akimgonga mgongoni mara moja, baba alipiga kengele, akimgonga mara mbili, baba alishika breki. Hivyo ndivyo walivyoshuka mteremko wa kiwanda cha matofali kila siku hadi njia panda ya shule. Punje alishuka, na baba akaendelea hadi kiwanda cha uchapaji, ambako kazi yake ni kusoma kurasa kabla hazijachapwa na kuwinda makosa. Ni mtu anayeweza kuona nukta iliyopotea katika ukurasa mzima wa matangazo. Kumbukeni hilo, maana litarudi kutuaibisha.

Amani hiyo ilivurugwa na daktari wa meno.

Sisemi kwamba daktari ni mtu mbaya. Aliongoza kundi la watu saba waliokwenda kazini kwa baiskeli wakiwa wamevaa nguo za kubana, wakajiita Chama cha Wepesi. Kila asubuhi walikutana kwenye kituo cha mafuta, wakashindana kuushuka mteremko wa matofali hadi mzunguko wa barabara. Siku moja daktari alimpita baba, Punje akiwa nyuma na begi lake kifuani, akamuuliza kwa utani kama anahama nyumba. Wote walicheka, baba akiwemo. Lakini kuna kicheko kinachotoka mdomoni kikaisha, na kuna kingine kinachoshuka tumboni kikakaa huko. Cha baba kilishuka.

Jioni hiyo alirudi na mizani ya ndoano, ile ya kupimia magunia, akaitundika kwenye boriti ya sebuleni, kati ya saa ya ukutani na picha ya harusi. Ngamia akaning'inizwa. Kilo ishirini na mbili. Ya daktari, baba alikuwa ameshauliza, ilikuwa na kilo tisa.

Watu wengine hushikwa na pombe. Baba yangu alishikwa na gramu. Yalianza kutoka madigadi, na tangu siku hiyo alifika kazini na mstari wa matope mgongoni, kama punda milia aliyeishiwa rangi. Kikafuata kifuniko cha mnyororo, na suruali zake zikaanza kuliwa moja baada ya nyingine. Ikafuata stendi, na Ngamia akawa analala sebuleni, ameegemea kabati la vyombo kama mgeni asiye na aibu. Kila kilichotolewa kilipimwa peke yake, na nati zake zikawekwa kwenye kopo chini ya meza. Kisha baba akajiunga na Chama cha Wepesi. Kwa kuwa hakuweza kushindana na mtoto mgongoni, alimpeleka Punje shuleni mapema, akarudi juu hadi kituo cha mafuta kuanza upya. Punje akawa anafika shuleni kabla ya mwenye funguo za lango.

Hayo yote nilisimuliwa na mama nilipofika likizo. Shule yetu ilikuwa imefungwa wiki tatu kabla ya shule nyingine kwa sababu tanki la maji la bweni lilipasuka. Nilihojiwa kuhusu jambo hilo na sikupatikana na hatia.

Nilimkuta baba amebadilika. Mezani hakuuliza habari za masomo. Alitutajia uzito wa vitu: pampu gramu mia mbili na tisini, stendi gramu mia saba na kumi, kengele gramu mia moja na sitini. Mama akimwambia bomba la jikoni linavuja, aliitikia kama mtu anayesikiliza redio ya jirani. Jioni moja Punje alimletea daftari lake lenye nyota tatu za mwalimu. Baba alilipima kwanza kwa kiganja, kisha akalifungua.

Mama alimuuliza kama keria nayo iko njiani kutoka. Baba akasema keria haiguswi, ile ni ya mtoto. Alisema kwa dhati, na namtolea ushahidi huo hadharani.

Sasa nakuja kwenye nusu yangu. Mtu anayepima baiskeli kila jioni anaomba kufanyiwa mzaha. Ni kama mwalimu wa zamu anayesinzia huku mdomo wazi. Nilichukua soksi yangu ya shule, ndefu, nyeupe, yenye namba yangu ya kufulia iliyoshonwa kwa uzi mwekundu: 117. Nikaijaza nati na skurubu kutoka kwenye lile kopo, zilezile alizozitoa mwenyewe. Baba alipokuwa anaoga nililegeza kiti cha Ngamia, nikakichomoa, nikaitumbukiza soksi ndani ya bomba la fremu, ikiwa na uzi wa kuivutia, nikarudisha kiti mahali pake. Robo kilo. Chama cha Wepesi kilikuwa kimealikwa kwetu kunywa chai Jumapili ya wiki iliyofuata. Mpango wangu ulikuwa kuivuta soksi hiyo mbele ya wageni wote, polepole, kama mchawi wa sarakasi, baba aone haya, tucheke, yaishe.

Jioni ile baba alisoma mizani, akaisoma tena, akaigonga kwa kidole.

"Imenenepa," alisema.

Mama alisema labda imekula. Punje alicheka hadi akashikwa na kwikwi. Mimi nilikuwa na wali mdomoni na nusura nife. Baba peke yake hakucheka. Alisema ni kutu, kutu ina uzito, akakesha Ijumaa nzima na brashi ya waya, akasugua. Jumamosi akapima. Ngamia hakupungua hata kidogo. Basi akachukua spana, akatoa kengele. Halafu akasimama, akaitazama keria kwa muda mrefu, akaniita.

Aliniambia kwa kuwa dada mtu niko nyumbani, nimpeleke mdogo wangu shuleni kwa miguu. Ni kwa siku za likizo tu. Punje alikuwa amesimama mlangoni. Hakulia. Aliuokota mto wake wa pazia, akaupangusa vumbi, akaenda nao chumbani.

Hapo mtu mwenye akili angeivuta soksi. Mimi nilijiambia Jumapili si mbali, na mzaha ukiukatiza katikati unaoza. Jumatano nikaongeza soksi ya pili.

Alhamisi jioni baba alipima. Kisha akaanza kufungua fimbo za breki ya nyuma, kuanzia gurudumuni hadi kwenye usukani. Mama alikuwa anaanua nguo. Alisimama na shati mkononi.

"Baba Punje, hiyo uliyoshika ni breki."

"Ya nyuma tu. Ya mbele ipo."

"Aliyeitengeneza kwa nini aliweka mbili?"

Baba alisema aliyeitengeneza hakuwa na haraka. Mama akamwambia kama ni hivyo akate na miguu, nayo ni mizito. Akaingia ndani, na mlango ukafungwa kwa namna ambayo sisi watoto tunaielewa. Mimi nilikuwa hatua nne kutoka pale, nasuuza sahani. Maneno matatu yangetosha: ni soksi zangu. Niliendelea kusuuza sahani ileile.

Ijumaa asubuhi kulikuwa na manyunyu. Tulishuka mteremko kwa miguu, mimi na Punje chini ya mwavuli mmoja, hadi njia panda ya shule. Tukasikia kengele. Daktari wa meno alipita wa kwanza, akapiga tena kengele kutuonya, tukasogea. Wakapita wengine wawili. Kisha barabara ikanyamaza.

Punje alisikiliza. Kwa miaka yote alimjua baba yake kwa ile kengele, na hakuisikia. Upepo ulikuwa umeugeuza mwavuli, mimi nikawa napigana nao kwa mikono yote miwili. Punje akaona kimya ni ruhusa, akavuka.

Baba alitokea kwenye kona ameinama juu ya usukani. Alikuwa wa nne. Hakuwahi kuwa wa nne. Alimwona mtoto, na nilimwona akimwona. Mkono wake wa kushoto ulikwenda kwenye breki ya nyuma, kama ulivyozoea kwa miaka kumi na tano, ukashika hewa. Alipoikamata ya mbele, alikuwa amechelewa, na rimu ya chuma ikilowa huteleza kama sabuni. Usukani ulimpiga Punje begani, akaangukia ukingo wa mtaro. Ngamia alilala upande wa pili, gurudumu likizunguka bila kelele yoyote.

Mkono wa Punje ulikuwa umepinda mahali pasipo na kiungo. Baba alimfikia kwa magoti, goti moja likivuja damu, akamwinua kichwa. Punje hakulalamika kuhusu mkono. Alikuwa na wasiwasi wa jambo jingine.

"Baba, nilikuwa mbali," alisema. "Nisingeweza kukugonga mgongoni mara mbili."

Alimbeba, akamkimbilia Ngamia, akamwinua, akageuka nyuma kutafuta pa kumkalisha mtoto. Hapakuwa na kitu. Palikuwa na gurudumu na matope. Alibaki amesimama na binti yake mikononi mbele ya baiskeli nyepesi kuliko zote alizowahi kumiliki, na isingeweza kumfikisha mtoto huyo popote.

Aliyetuokoa ni muuza maziwa. Chama cha Wepesi humwita Treni ya Mizigo, kwa kuwa baiskeli yake hubeba madebe mawili na hupanda mlima ikilia kwa uchungu. Alisimama, akatazama, akafungua kamba, akashusha madebe yake kando ya barabara. Nilimuuliza kama hayataibwa.

"Yakiibwa yameibwa. Panda wewe, umpakate mwenzio, ushike mkono wake usitikisike."

Nikapanda keria nikiwa nimempakata Punje. Muuza maziwa akaendesha kwa mwendo wa harusi, akikwepa kila shimo, na baba akakimbia pembeni yetu hadi hospitali akichechemea.

Chumba cha dharura kilikuwa na benchi refu, kitanda kimoja na mizani ya kusimamia pembeni ya dirisha. Muuguzi alimkalisha Punje, akachukua fomu. Aliuliza umri, baba akajibu. Aliuliza kama kuna dawa inayomdhuru, baba akasema hakuna. Kisha akauliza:

"Ana kilo ngapi? Nataka kumpa dawa ya maumivu, inapimwa kwa uzito."

Baba alifungua mdomo. Mtu huyu aliujua uzito wa kengele, wa pampu na wa kila nati iliyokuwa kwenye kopo. Alinitazama mimi. Mimi nilitazama sakafu.

"Mzee, kilo ngapi?"

"Sijui," baba alisema.

Muuguzi hakumsema. Alimshusha Punje taratibu, akamsimamisha kwenye mizani, akasoma kwa sauti: kumi na saba na nusu. Baba alisogea, akainama, akasoma mwenyewe, kisha akasoma tena, jinsi anavyosoma ukurasa wenye kosa alilolipitisha. Mama alifika wakati huo, unga ungali kwenye nyusi zake. Alimuuliza Punje anaumwa wapi, akamfuta pua, akaketi.

Jioni, mkono wa Punje ukiwa na plasta hadi juu ya kiwiko, nilikichomoa kiti cha Ngamia mbele ya wote. Nikazivuta soksi mbili, nikaziweka mezani, namba 117 ikiwa juu. Hakukuwa na wageni wa kupiga makofi. Niliwaeleza yote kuanzia mwanzo, na sauti yangu, ambayo huwa hainiangushi hata mbele ya mwalimu mkuu, iliniangusha.

Mama aliniuliza kama nilikuwepo breki ikifunguliwa. Nikasema nilikuwepo. Akainuka, akaenda jikoni, na kwa muda tulisikia bomba linalovuja.

Baba alifungua soksi moja, akamwaga nati juu ya meza, akazitambua. Aliuliza ya pili niliiweka lini. Nikamwambia Jumatano.

"Kabla ya breki."

"Kabla ya breki, baba."

Alizipanga kwa vidole, kubwa na kubwa, ndogo na ndogo. "Nati uliziweka wewe," alisema mwishowe. "Spana niliishika mimi. Usinibebee langu, na mimi sikubebei lako."

Adhabu yangu sitaieleza yote. Itoshe kusema kwamba kwa siku zote za likizo zilizobaki niliamka saa kumi na moja kumsaidia muuza maziwa kuosha madebe, ambayo hayakuibwa, ila maziwa ya debe moja yalimwagwa na mbwa.

Jumapili daktari wa meno alikuja peke yake, na kitabu cha picha kwa ajili ya Punje. Alimkuta baba kibarazani akirudisha vitu: fimbo za breki kwanza, kisha kengele, kisha keria, kisha madigadi. Baba akamweleza yaliyotokea bila kujitetea. Daktari alishangaa kwa kweli. Alimwonyesha baiskeli yake iliyokuwa imeegemezwa ukutani.

"Mimi nina breki mbili. Na kengele ninayo. Nani alikuambia utoe breki?"

Baba alifikiri, akasema hakuna aliyemwambia. Daktari akakumbuka utani wake wa kuhama nyumba, akaomba radhi, na baba akamjibu kwamba ulikuwa utani wa kawaida. Yeye ndiye aliyeupeleka nyumbani na kuufuga.

Mizani ilishushwa kwenye boriti. Picha ya harusi ikasogezwa kidogo kuziba alama ya ndoano. Baba bado ni mwanachama wa Wepesi na hufika wa mwisho kila siku, saa moja na nusu kamili, kwa sababu hupitia shuleni. Siku yangu ya kurudi bweni niliwatazama wakiushuka mteremko, Punje juu ya mto wake wa pazia. Kwenye kona alimgonga baba mgongoni kwa ule mkono wa plasta, mara mbili, kwa nguvu ya plasta. Baba alijikunja kwa maumivu, na Ngamia akasimama palepale.

MAFUNZO

Wenzangu wapenda mizaha, nawaanza ninyi kwa kuwa ni kundi langu. Wahenga walisema mzaha mzaha hutumbua usaha, nasi tukadhani ni methali ya kujazia mtihani. Mzaha ukishaanza kumuumiza asiyehusika, usisubiri wageni wafike. Uvute siku hiyohiyo, hata kama hakuna wa kukupigia makofi.

Ninyi wazazi, nasema kwa heshima zote na nikiwa nimesimama karibu na mlango. Tunaambiwa kila siku kwamba asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Methali haikusema kwamba mara nyingine asiyesikia ni mkuu, na anayevunjika ni mwingine, na ni mkono. Baiskeli ni kitu chema. Kupenda upepo usoni si dhambi, hata mimi naupenda. Lakini kila mmoja wenu ana mizani yake aliyoitundika sebuleni, iwe ni mpira, ni siasa au ni simu, na mwenye mizani hupunguza kila kitu ili jambo lake liende haraka. Kabla hujalegeza nati yoyote nyumbani kwako, inama kwanza, utazame nani ameikalia.